Mizigo ya Kilungwe

Tangu utotoni Viviane hakuwahi kumkatalia Papa Germain neno. Germain alikuwa baba yake wa ubatizo, na baba yake mzazi alipofariki ni huyo huyo Germain, fundi mwenzake wa kiwandani, aliyezunguka Likasi nzima kutafuta mbao za jeneza. Ni yeye pia aliyempandisha mlima Kilungwe kwa mara ya kwanza, akamfundisha kukanyaga kwa ubavu wa mguu mahali mawe yanapoteleza, na kutoangalia juu kila mara, maana kilele hakisogei karibu kwa kutazamwa. Kwa hiyo asubuhi ile Germain aliposimama mbele ya mahema na kusema wasichana ndio watakaobeba masanduku matatu mpaka juu, Viviane hakuuliza swali.

"Ni bintu bya Misa ya kule juu, Padri atatufuata," alisema Germain. "Na mashine ya sauti. Muende nabyo polepole, bisivunjike."

Masanduku yalikuwa yamezungushiwa turubai na kukazwa kwa kamba za katani. Viviane alilijaribu moja, akahisi uzito wake ukimshuka mgongoni hadi visiginoni. Akawaita wasichana, wakasokota kata za vitambaa, wakajitwisha kwa zamu.

Ilikuwa miaka ile Zaire ilipokuwa imeishiwa pumzi. Tangu maduka yaporwe, kiwanda kilikuwa kikifanya kazi kama mtu anayekohoa: leo tanuru moja linawaka, kesho limezimika, na mishahara ilikuwa imegeuka kuwa habari ya kusikia tu. Watu waliokuwa wakienda kazini na viatu vya ncha ya chuma sasa walichimba mihogo pembeni ya reli. Hata hivyo parokia haikuacha kambi yake ya likizo. Kila kiangazi vijana walipiga mahema chini ya Kilungwe, na mwaka huo, kwa kuwa hapakuwa na lori, walikuja kwa miguu, vyungu vichwani. Walikula uji asubuhi, na jioni bukari, ugali wao, kwa sombe ya majani ya mihogo isiyo na mafuta. Mama Mwadi, aliyewapikia, alikuwa akikwangua sufuria mpaka mwiko unalia.

Viviane alikuwa kiongozi wa wasichana, nao walimwita yaya, yaani dada mkubwa. Alifundisha shule ya msingi mjini, kazi ambayo siku hizo ilikuwa karibu sawa na sadaka. Kambi ilikuwa furaha yake ya mwaka. Alikuwa amewaahidi wasichana kilele: kwamba watasimama juu, waone ziwa la Tshangalele likimeta, waone Likasi yote imelala kama mkeka.

Lakini mwaka huo kambi ilikuwa na mgeni. Bosi Gaston alikuwa amefika jana yake mchana na rafiki zake wawili, wameacha gari jeupe kwenye kijiji cha mwisho. Alikuwa mfanyabiashara wa mawe ya shaba na kobalti. Jinsi kiwanda kilivyozidi kufa ndivyo malori yake yalivyozidi kuongezeka kwenye barabara ya Zambia, na hakuna aliyeuliza mawe yale yalitoka kwenye stoo ya nani. Sasa alitaka siasa. Alikuwa ameahidi mifuko ya unga kwa kambi na bati kwa kanisa dogo la kijijini. Yeye aliomba kitu kimoja tu: apigwe picha kileleni, katikati ya wasichana wenye sare na bendera ya kundi. Alikuja hata na mpiga picha wake, kijana anayeitwa Arsène.

Wanaume walitangulia mikono mitupu, Germain akiwaonyesha njia. Wasichana wakafuata na masanduku.

Mwanzo njia ilikuwa ya kawaida, inapita kwenye msitu mwembamba uliochomwa moto. Majivu ya nyasi yaliruka kila mguu ulipotua, na miguu yao ikawa myeusi hadi magotini. Kisha miti ikaisha, mlima ukasimama. Palikuwa na mahali wanapopaita Ngazi, ingawa hapakuwa na ngazi yoyote, ila mawe mapana yaliyobebana yenyewe, na kati yake kokoto zinazoteleza kama mahindi makavu sakafuni. Mtu asiye na mzigo hupanda pale kwa mikono na miguu. Wao walipanda kwa miguu tu, maana mikono ilikuwa imeshika masanduku.

"Yaya Viviane," alisema Orpa, msichana mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, "iyi mashine ya sauti iko nalia ndani. Inalia kama machupa."

"Angalia mbele, Orpa."

"Minye naangalia. Lakini nasikia pia."

Viviane naye alikuwa amesikia. Alikuwa akisikia tangu msituni mlio ule mdogo wa vioo vikigusana, na kila aliposikia alijiambia ni vikombe vya altare, ni chupa za divai. Akaendelea kuwahimiza, na baadaye hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba aliwahimiza.

Zamu ilikuwa ya Jenny. Alikuwa msichana mwembamba, mtoto wa mlinzi wa zamani wa kiwanda, mkimya, ambaye tangu kambi ianze alikuwa akificha nusu ya bukari yake ili ampelekee mdogo wake. Katikati ya Ngazi kokoto zikamkimbia chini ya mguu. Hakupiga kelele. Alijaribu kuliokoa sanduku badala ya kujiokoa yeye, kwa sababu alikuwa ameambiwa lisivunjike, akageuka nalo, mguu wake ukabaki umebanwa kati ya mawe mawili na mwili ukaenda upande mwingine. Sanduku likaruka, likabingirika, likakwama kwenye kisiki.

Hapo ndipo Jenny alipolia.

Viviane alimfikia kwa magoti. Kifundo cha mguu kilikuwa tayari kinavimba, ngozi imenyooka na kung'aa. Aliinua uso. Juu yao, kwenye ukingo wa mwamba, wanaume walikuwa wamekaa wakipumzika, na moshi wa sigara ulionekana.

"Papa Germain!" aliita. "Jenny ameanguka! Muguu! Mukuye, mutusaidie!"

Kisha kichwa cha Bosi Gaston kikachungulia, na kofia yake ya majani.

"Na sanduku?" aliuliza. "Sanduku iko muzima?"

Viviane alifikiri hakusikia vizuri.

"Bosi, mutoto ameumia!"

"Nimesikia. Nauliza, sanduku imepasuka ao hapana? Muifunike vizuri, jua isiingie."

Kuna hasira inayompanda mtu kichwani na kumfanya apige kelele. Iliyompata Viviane haikuwa hiyo. Ilikuwa ya baridi, ilimtuliza mikono. Alimwegemeza Jenny kwa Orpa, akashuka taratibu hadi kwenye kisiki, akatoa kisu kidogo cha kukatia kamba za mahema, akakata kamba, akalifunua turubai.

Ndani mlikuwa na sanduku jingine la plastiki, lile la kutunzia baridi, limepata ufa. Alifungua kifuniko. Barafu. Chupa za bia zimepangwa kichwa kwa mguu, mbili zimevunjika. Chini yake kuku wa kuchoma wamefungwa kwenye karatasi inayong'aa, soseji, mikate mirefu, jibini. Harufu ya kuku ikapanda ngazi yote ya mawe. Wasichana, ambao tangu asubuhi walikuwa na uji mwepesi tumboni, walisogea karibu. Mmoja alimeza mate, na kila mtu alisikia.

Orpa ndiye aliyesema. "Yaya, iyi njo Misa?"

Viviane alifungua la pili, akafungua la tatu. Bia. Maji ya soda. Viti vya kukunja na kitambaa cha meza.

Germain alikuwa ameanza kushuka. Alishuka kwa haraka isiyofaa umri wake, mkono mmoja ukishika mawe. Alipofika alimtazama Jenny kwanza, na kwa hilo Viviane alimshukuru hata katika hasira yake. Kisha akaona masanduku wazi.

"Vivi, funga. Tutasemezana kule chini, shiye wawili."

"Papa, weye ulijua?"

Germain aliangalia kokoto.

"Nilijua."

"Na ukasema ni bintu bya Misa. Ku batoto ba parokia. Juu ya nini haukutuambia kweli?"

"Mungelikatala."

"Ndiyo! Tungelikatala! Njo maana muntu anauliza!"

"Sikiliza, mwanangu," Germain alishusha sauti. "Yule muntu iko na unga. Mifuko mingi, iko tayari mu depo yake. Bibebwe bintu bidogo ivi, siku moja tu, apigwe picha yake aende, na batoto banakula mpaka masomo inaanza. Minye sikuomba kitu yangu. Ni juu yabo."

"Si kweli kwamba hukuomba kitu yako," Viviane alisema, na hapo hapo akajua amegusa mahali. Mji mzima ulijua Germain alikuwa ameahidiwa kusimamia depo ya Gaston.

Mzee hakubisha. Alikuwa amesimama na mikono imening'inia, mikono iliyozoea kushika vyuma vizito na sasa haina cha kushika.

"Kambo yangu, muzazi wa mama, alikuwa na upara apa," Viviane alisema, akijigusa katikati ya utosi. "Nywele hazikuota tena mpaka anakufa. Alikuwa mutoto kama Jenny wakati bazungu balimubebesha masanduku yabo. Nayo ilikuwa na machupa. Alitusimulia wakati mama ananisuka, nikafikiri ni habari ya zamani."

Kutoka juu Gaston aliita: "Germain! Kuna nini? Tuko na kiu apa!"

Viviane aliwageukia wasichana. "Mukae chini," alisema. "Kila muntu apate jiwe yake. Tunakula."

Waliangalia Germain kwanza, kama watoto waliolelewa vizuri. Germain alikaa juu ya jiwe, akageuza uso upande wa bonde. Basi Viviane akawagawia kuku kwa mikono yake, akaanza na Jenny, akawakatia mkate, akawapa soda. Barafu akaifunga kwenye kitambaa cha meza, akaizungushia mguu wa Jenny. Bia hakuzigusa. Wasichana walikula haraka, mifupa wakaivunja na kunyonya. Arsène, mpiga picha, alikuwa ameshuka hatua kadhaa na kamera shingoni. Aliwaona, akainua kamera, kisha akaishusha na kurudi juu bila kupiga.

Gaston alipoelewa kinachofanyika alitukana. Alitukana kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, akataja majina ya wakubwa anaokula nao, akasema kesho Viviane hatakuwa mwalimu wala kiongozi wala chochote. Lakini hakushuka. Ngazi ilikuwa mbaya kwa mtu wa unene wake, na wa kumshika mkono alikuwa amekaa chini, mgongo umemgeukia.

"Bia yako iko apa, Bosi," Viviane alimwitia. "Ni nzima karibu yote. Shuka, uibebe."

Walikata miti miwili, wakafunga turubai lile lile katikati, wakamlaza Jenny, wakateremka.

Jua lilikuwa bado halijazama wanaume walipofika kambini, midomo imekauka, rafiki mmoja wa Gaston akichechemea. Gaston hakukaa. Alisimama mbele ya jiko la mawe, akamwambia Padri Joachim, mkuu wa kambi, mbele ya watu wote kwamba ameibiwa, kwamba amedhalilishwa na mwanamke asiyejua adabu, na kwamba unga wasahau. Akaondoka kuelekea kijijini kwenye gari lake, na Arsène nyuma yake amebeba mikoba yote.

Padri Joachim alikuwa mtu mwema, ila alichoka upesi mbele ya ugomvi. Alimwita Viviane chini ya hema la chakula.

"Ulifanya makosa," alisema. "Siyo makosa yote ni yako, lakini ulifanya. Andika maneno mawili ya kuomba samahani, minye nitamupelekea mwenyewe. Labda unga utakuya."

"Nitaomba samahani, Padri," alisema Viviane. "Nitamuomba Jenny. Nilimubebesha bila kuangalia. Kwa yule, hapana."

"Viviane, fikiri juu ya batoto."

"Nilikuwa nafikiri juu yabo wakati aliniuliza sanduku iko muzima."

Mama Mwadi alikuwa akisikiliza, mwiko mkononi. Viviane alitegemea kwake neno la kumtetea, maana ndiye aliyejua njaa ya kambi kuliko mtu yeyote. Lakini Mama Mwadi alisema, "Kuku ya siku moja, mwanangu. Siku moja! Minye kesho naweka nini mu chungu? Hasira yako, naipika na chumvi?"

Hilo lilimwingia kuliko matusi yote ya mlimani, kwa sababu lilikuwa kweli. Na bado moyoni hakujuta, na kutojuta kwenyewe kukamuuma.

Padri akanyoosha mkono, polepole, kama mtu anayeomba radhi, na Viviane akafungua skafu ya kiongozi shingoni, akamkabidhi. Germain alikuwa amesimama nje ya hema. Hakuingia.

Asubuhi, kaka yake Jenny alikuja na baiskeli, akampakia dada yake kwenye kiti cha nyuma, mguu umefungwa vipande vya mti. Baadaye hospitali ilisema mfupa umepata ufa, na Jenny alitembea kwa fimbo mpaka mvua zilipokolea. Siku ile, kabla baiskeli haijaondoka, Viviane aliinama mbele yake.

"Unisamehe, Jenny."

"Yaya, kuku ilikuwa tamu," alisema Jenny, akacheka kidogo, halafu akauma mdomo kwa maumivu.

Viviane alikuwa amekwisha kukunja blanketi lake arudi mjini. Orpa alimzuia njiani, wasichana wengine nyuma yake.

"Ulituahidi juu," alisema. "Hatukufika juu."

"Minye siko tena kiongozi wenu."

"Hatuombi kiongozi. Tunaomba muntu anajua njia."

Padri Joachim aliwaona wakiondoka. Alikuwa akisoma sala zake, na aliendelea kusoma.

Bila mizigo, msitu wa majivu ulikuwa mfupi. Wasichana walikuwa wakiimba walipofika chini ya Ngazi, na hapo wakanyamaza wote kwa pamoja, kwani kwenye mawe, juu yao, mtu alikuwa akishuka kinyumenyume. Alikuwa Germain. Amejitwisha sanduku la plastiki la Gaston, lile lenye ufa, chupa zikigongana ndani, na shati limegandamana na mgongo. Mawili mengine alikuwa ameshayashusha chini; yalikuwa yamekaa kivulini.

"Alituma muntu usiku," Germain alisema kabla hajaulizwa. "Anataka bintu byake byote, hata machupa matupu. La sivyo kazi ya depo haiko."

"Na unga?"

"Unga haikutajwa."

Viviane alimwangalia. Yule aliyemfundisha kukanyaga kwa ubavu wa mguu alikuwa anakanyaga kwa visigino, kama mgeni, kwa sababu uzito ulikuwa ukimsukuma. Hasira yake yote, ambayo usiku kucha alikuwa amemwekea mzee huyu, ilitafuta pa kukaa juu yake na haikupata. Ikampita, ikaenda mbali zaidi, kwenye gari jeupe, kwenye malori, kwa watu waliozima matanuru na kumwacha fundi mkuu abebe chupa za mtu mwingine ili apate kuitwa mtu wa kazi.

"Papa, iache apo," alisema. "Iache, tupande pamoja. Ni njia yako hii."

Germain alitikisa kichwa.

"Niko na bajukuu nyumbani, Vivi."

Hakumwomba amsaidie. Viviane naye hakunyoosha mkono kulipokea sanduku. Alimpa maji tu, akamshikilia kibuyu mdomoni kwa kuwa mikono ya mzee haikuwa huru, akangoja mpaka ameyanywa. Wasichana walijibana kwenye mwamba, wakampisha. Kila mmoja alisema, "Jambo, papa," na kwa kila mmoja aliitika.

Wakapanda. Juu ya Ngazi mlima ulilegea, ukawa mgongo wa nyasi fupi na upepo wa baridi wa kiangazi, na kabla hawajatarajia hapakuwa tena na mahali pa kupanda. Wasichana walikimbia huku na huko wakipiga vigelegele. Tshangalele ilikuwa pale kweli, bapa, nyeupe. Likasi ilikuwa pale, na mabomba ya kiwanda yamesimama juu yake, na hakuna hata moja lililotoa moshi.

"Tanuru ya papa yangu ilikuwa wapi?" Orpa aliuliza.

Viviane alimwonyesha. Orpa alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaonyesha kitu kingine, kwenye barabara: vumbi jekundu refu, na mbele ya vumbi malori yamefuatana, yamejaa, yanaelekea mpakani.

"Na ile?"

"Ile ni ya Bosi."

Orpa akaokota jiwe. Alilirusha kwa nguvu zake zote upande wa barabara, na jiwe likaanguka kwenye nyasi, karibu tu. Akaokota jingine. Wasichana wote wakaokota. Kiongozi mwema angewazuia. Jambo la kwanza analofundishwa mtu mlimani ni kutorusha mawe. Viviane alisogea ukingoni, akachungulia, akahakikisha upande ule hapakuwa na njia wala mtu, wala mzee mwenye mzigo. Akarudi, akachagua jiwe linalojaa kiganja, akapiga hatua mbili mbele, akarusha.